Uso ukipooza na mimba tumboni: jicho kwanza, mdomo baadaye

Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi nasukutua bombani, maji yakanichuruzika shavuni mpaka kwenye khanga. Nikadhani usingizi haujanitoka. Nikasukutua tena, yakatoka tena, upande uleule wa kushoto. Mama mkwe alikuwa anawasha jiko la mkaa. Aliponitazama akaliacha jiko na kipepeo chake. "Mwanangu, mdomo umekwenda wapi?"

Ulikuwa umekwenda kulia. Ndivyo inavyokuwa: upande wenye nguvu unauvuta mdomo kwake, na watu hudhani huo ndio uliopinda, kumbe mgonjwa ni ule uliolala, laini, usio na mkunjo. Madaktari huita hali hii kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji mzaliwa wa Edinburgh aliyeeleza kazi ya mshipa wa fahamu wa uso mwaka 1821. Mtaani kwetu Tanga ina majina mengi, na karibu yote yana upepo, jini au jirani ndani yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si daktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa wakunga, kwa daktari wa macho na kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mengine nimejifunza kwa kuumia. Hayachukui nafasi ya hospitali. Kubwa ninalotaka ulishike ni hili: kila mtu atautazama mdomo wako, na wewe mwenyewe utautazama kwenye kioo mchana kutwa. Mdomo unaweza kusubiri miezi. Jicho halisubiri hata siku tatu.

Hatua ya 1: Simama mbele ya kioo, uhakikishe si jambo kubwa zaidi

Kabla ya kulia, fanya jaribio moja. Inua nyusi zote mbili kama mtu aliyeshangaa. Tazama paji la uso.

Ikiwa upande mmoja wa paji haukunjiki kabisa, unyusi hauinuki, jicho la upande huo halifumbi na mdomo umelala, basi inaelekea shida iko kwenye mshipa wa fahamu wa uso wenyewe. Ikiwa mdomo umelala lakini paji linakunjika vizuri pande zote mbili, hofu ya kiharusi inakuwa kubwa, kwa sababu misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, na kiharusi cha upande mmoja mara nyingi huiacha salama.

Jaribio hili si ruhusa ya kubaki nyumbani. Ni la kukuambia uende hospitali mbio kiasi gani. Nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukiwa na lolote kati ya haya:

- mkono au mguu umelegea au umekufa ganzi, maneno yanakwama, unaona viwili viwili, au kizunguzungu kinakuzuia kusimama;
- kichwa kinauma vibaya, macho yanaona vimulimuli au ukungu, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono imevimba ghafla, au umepata degedege;
- homa kali na shingo ngumu.

Lile kundi la pili ni dalili za presha ya mimba inayoelekea kifafa cha mimba, na nimeliweka kwa makusudi. Kupooza kwa uso na presha ya mimba vimeonekana kuandamana kwa baadhi ya wajawazito. Ndiyo maana mjamzito mwenye uso uliopooza hapaswi kuondoka zahanati bila kupimwa presha, hata kama yeye mwenyewe anajisikia mzima. Ikifika 140/90 au zaidi, waambie wakupe maelezo kabla hujatoka mlangoni. Kwa walio Tanzania, namba 115 ya m-mama hupigwa bure kuita usafiri wa dharura wa mjamzito. Iandike ukutani hata kama uso wako ni mzima.

Hatua ya 2: Zihesabu saa 72

Mshipa wa uso hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio. Ukivimba humo ndani hauna pa kutanukia, unajibana wenyewe, na amri haziendi. Kinachoushtua mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kirusi cha malengelenge ya mdomoni, kilekile ambacho wengi wetu tunacho tangu utotoni, kimelala. Kwa nini kiamke wakati wa mimba? Maelezo yanayotolewa ni mwili kujaa maji, homoni kupanda na kinga kubadilika. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1975 ulipata wagonjwa kiasi cha 45 kwa kila wanawake 100,000 wanaojifungua, dhidi ya 17 kwa wanawake wa umri huohuo wasio na mimba. Wengi wa wajawazito hao walipata miezi mitatu ya mwisho au wiki chache baada ya kujifungua. Kwa hiyo hali hii ni nadra, lakini mkunga aliyezalisha kwa miaka mingi huenda amewahi kuiona.

Dawa yenye ushahidi ni prednisoloni, steroidi ya vidonge, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu uso ulipoanza kulegea. Katika jaribio kubwa lililofanyika Uskoti na kuchapishwa mwaka 2007, waliopewa prednisoloni mapema walipona kikamilifu kwa asilimia 94 baada ya miezi tisa, na wasiopewa kwa asilimia 82. Hao hawakuwa wajawazito. Lakini kondo la nyuma huivunja nguvu sehemu kubwa ya prednisoloni kabla haijamfikia mtoto, ndiyo maana madaktari wengi huitoa kwa mjamzito, hasa miezi ya mwisho. Mimba ikiwa changa kabisa watapima faida na hasara kwa uangalifu zaidi. Uamuzi ni wa daktari aliyekupima.

Nasisitiza aliyekupima, kwa sababu najua vidonge hivi vinapatikana kirahisi dukani na muuzaji hatakuuliza maswali. Prednisoloni hupandisha sukari na presha, vitu viwili ambavyo mjamzito anachungwa navyo. Usijinunulie. Ukishaandikiwa, meza asubuhi baada ya kula, maana ukimeza usiku hutalala, na maliza siku zote kama ulivyoelekezwa.

Mimi nilizipoteza saa 48 kati ya zile 72. Mahali pa kwanza nilipokwenda, kijana aliyekaa mezani alinitazama, akasema "huo upepo, utaisha," akanipa vitamini. Hakunipima presha. Nikarudi nyumbani nimefurahi, eti si kitu. Dada yangu ndiye aliyenipigia simu jioni ya pili akanifokea mpaka nikatoka.

Ukifika hospitali sema hivi, kwa mpangilio huu: saa na siku ulipoona mara ya kwanza, umri wa mimba, kama jicho linafumba, kama sikio linauma au linatoa usaha, kama una vipele vya maji sikioni. Vipele hivyo vinaashiria kirusi cha mkanda wa jeshi, na matibabu yake ni tofauti. Toa kadi ya kliniki. Watarajie wakupime presha, mkojo kuangalia protini, sukari, na VVU kama hukupimwa karibuni. Usikasirike kwa hicho cha mwisho. Kupooza kwa uso kunaweza kuwa miongoni mwa dalili za mapema za VVU, na kwa mjamzito kujua ni kumkinga mtoto. Dawa za virusi peke yake hazijaonekana kusaidia. Daktari anaweza kuziongeza juu ya prednisoloni ikiwa uso umelala kabisa.

Maumivu ya nyuma ya sikio ni ya kawaida siku za mwanzo. Meza paracetamol. Diklofenaki na ibuprofeni ziache, si dawa za kujimezea mimba ikiwa kubwa.

Hatua ya 3: Jicho

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nitakapokaa.

Jicho lisilofumba halipepesi, na lisilopepesa halijipaki machozi. Utashangaa, maana litakuwa linatiririka machozi mpaka shavuni. Hayo yanamwagika tu kwa sababu kope la chini limelegea kama mfuko uliofunguka. Kioo cha mbele cha jicho kinabaki kikavu, na kikikauka kinakwaruzika, kikikwaruzika kinapata kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe mahali pa kuonea. Uso uliopinda unaweza kurudi wenyewe. Kovu la jicho halirudi.

Mchana, tia machozi bandia kila saa moja au mbili, hata kama jicho haliwashi. Dukani sema hivyo hivyo, "machozi bandia, ya kulainisha jicho, natumia mjamzito." Mengi yana kilainishi kiitwacho hipromelosi. Usikubali dawa ya macho yenye antibiotiki na steroidi ndani yake kwa sababu muuzaji amesema ndiyo nzuri, steroidi ya matone inaweza kukiozesha kidonda kilichokwisha anza. Na tyubu ya tetrasaiklini iliyobaki kabatini tangu mtoto wa kwanza iache ilipo. Chupa ukishaifungua iandike tarehe, baada ya wiki nne itupe.

Katikati ya matone, pepesa kwa mkono. Tazama chini, kisha kwa mgongo wa kidole kilichooshwa lisukume kope la juu taratibu mpaka likutane na la chini. Mimi nilikuwa nafanya kila nilipogeuza ukurasa wa daftari nililokuwa nasahihisha. Wewe tafuta kengele yako, inaweza kuwa tangazo la redio, au kila ukikoroga sufuria.

Kinga upepo. Kwenye bodaboda vaa kofia yenye kioo, au usipande. Vaa miwani hata ya bei rahisi ya jua ukitoka nje, hasa kipindi cha kaskazi vumbi likiruka. Jikoni mwachie mtu mwingine kuni na vitunguu kwa wiki kadhaa. Hii ndiyo faida moja ya ugonjwa huu, itumie.

Usiku ndio mtihani. Fuata hivi:

1. Nawa mikono. Vuta kope la chini, weka ndani yake dawa nzito ya kulainisha, ile ya tyubu, kiasi cha punje ya mchele. Utaona ukungu, ndiyo maana ni ya usiku.
2. Futa mafuta yaliyobaki kwenye ngozi kwa pamba, la sivyo plasta haitashika.
3. Tazama chini, sukuma kope la juu kwa mgongo wa kidole mpaka jicho limefumba kabisa.
4. Bandika plasta nyembamba ya karatasi, ile nyeupe wanayoshikilia bandeji hospitalini, kulivuka kope la juu kwa mshazari hadi shavuni. Plasta nyingine inaweza kuliinua kope la chini kuelekea pembe ya nje.
5. Washa taa, mwombe mtu akutazame kwa karibu. Akiona weupe wowote, bandua uanze upya.

Hiyo namba tano usiiruke. Jicho likifunguka chini ya plasta, plasta yenyewe ndiyo inayolikwaruza. Kwa sababu hiyohiyo usiweke shashi au pamba juu ya jicho lililo wazi kisha ukafunga kitambaa kama maharamia wa kwenye katuni.

Usiku wa tano mimi nilichoka na plasta. Joto la Tanga, mimba kubwa, pangaboi linazunguka juu ya kichwa. Nikasema leo nipumzike. Nilikuwa nalalia ubavu wa kushoto kama tulivyofundishwa kliniki, na upande uliolala ulikuwa huohuo wa kushoto. Foronya ilinisugua jicho usiku kucha nami sina kope la kunikinga. Asubuhi lilikuwa jekundu kama pilipili na mwanga wa dirishani ulikuwa kama sindano. Daktari wa macho alitia rangi ya njano, akamulika kwa taa ya bluu, akamwonyesha mume wangu mchubuko unang'aa kijani. Nilipona baada ya wiki mbili za dawa. Aliniambia nimechelewa usiku mmoja tu, na kwamba huona waliochelewa mwezi.

Nilimuuliza kuhusu ubavu. Alinirudisha kwa mkunga, na mkunga akasema kinachokatazwa miezi ya mwisho ni kulala chali, ubavu wowote kati ya miwili unafaa. Kwa hiyo kama ni kushoto kulikolala, lalia kulia. Pangaboi elekeza kwingine.

Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, maji ya zamzam, asali: hakuna kinachoingia jichoni isipokuwa dawa iliyotoka kiwandani imefungwa. Najua shangazi ataleta. Mpokee, mshukuru, weka kabatini.

Wekundu unaozidi, maumivu, mwanga kuchoma, ukungu usioondoka ukishafuta dawa, au doa jeupe juu ya mboni, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zinao wahudumu wa macho. Dar es Salaam wako Muhimbili na CCBRT, Moshi KCMC, Mwanza Bugando.

Na usiogope ukijaribu kufumba jicho ukaona mboni inapanda juu na weupe unabaki nje. Inatisha watoto, lakini ni kinga ya mwili, jicho linajificha chini ya kope.

Hatua ya 4: Kula na kusema

Haya yanaudhi, hayadhuru. Chakula kitajikusanya kati ya shavu na ufizi upande uliolala, na kwa kuwa misuli ya shavu haisukumi, kitakaa humo mpaka kioze. Baada ya kila mlo pitisha kidole, kisha mswaki. Tafunia upande mzima. Mtori, uji mzito, ndizi za kuponda na samaki asiye na miiba vinashuka bila shida. Muwa na mahindi ya kuchoma subiri. Chai kunywa kwa kikombe kidogo, ukiubana mdomo kwa kidole upande uliolala. Mrija wengine unawasaidia, mimi ulinishinda.

Ladha inaweza kupotea au kuwa ya chuma upande mmoja wa ulimi, kwa sababu mshipa huohuo ndio unaobeba ladha ya sehemu ya mbele. Usijaze chumvi, kumbuka presha. Na sauti zinaweza kuwa kali upande huo. Sufuria ikianguka utadhani imeangukia sikioni.

Kusema, herufi zitakazokusaliti ni P, B, M, F na V. Jaribu kutamka "Pemba" uone. Punguza kasi, bana midomo kwa vidole kwenye neno muhimu, na simu ziwe fupi. Darasani kwangu watoto walizoea siku mbili. Walimu wenzangu walichukua wiki.

Hatua ya 5: Mazoezi, kidogo na taratibu

Wiki za mwanzo uso ukiwa umelala kabisa, usiulazimishe. Kosa la wengi, na langu, ni kukaza kwa nguvu zote, kwa sababu kinachokaza ni upande mzima tu, unazidi kuvuta. Kwanza sugua kwa vidole: kutoka katikati ya kidevu kupanda mashavuni kuelekea sikio, taratibu, dakika tano, mara mbili kwa siku. Kitambaa cha uvuguvugu kinapunguza kukakamaa. Uvuguvugu, si moto. Nimeona mtu aliyebabuliwa shavu kwa jiwe lililochomwa.

Mara tu utakapoona mnyweo wa kwanza, yaani msuli ukicheza kidogo, mara nyingi ni pembeni ya pua au ya mdomo, anza mazoezi ya kioo. Tabasamu dogo la mdomo uliofungwa, kisha pumzika. Inua nyusi kidogo. Kunja pua kama mtu aliyenusa dagaa. Fumba jicho bila kukaza. Kila kimoja mara tano hadi kumi, ukiuzuia upande mzima kwa kidole usitawale. Ukiona unatabasamu na jicho linajifumba lenyewe, punguza nguvu, fanya kidogo zaidi na polepole zaidi. Mshipa unapoota upya unaweza kuunganisha nyaya zisizo zake, na kukaza kwa nguvu huzoesha misuli kosa hilo.

Bigijii za kutafuna mchana kutwa hazisaidii, misuli ya kutafuna ina mshipa mwingine kabisa. Mashine ya umeme ya kushtua misuli hutolewa sehemu nyingi. Ushahidi wake ni dhaifu, na kwa mjamzito mimi niliikataa kwa adabu. Mtaalamu wa mazoezi hakununa.

Hatua ya 6: Watu

Utaambiwa umerogwa. Utaambiwa ulilala dirisha wazi, ulitukana mtu, ulipita njia panda magharibi. Wifi yangu alihesabu majirani wa kuwashuku kabla mimi sijahesabu vidonge. Kubishana nao ukiwa na mdomo nusu ni kujichosha. Nilichofanya: nilisema "asanteni, dua naipokea," nikasomewa, nikaombewa, nikafarijika kweli. Nilichokataa ni chale za wembe, kufukizwa moshi, na dawa ya kunywa isiyo na jina. Moshi kwa jicho lisilofumba ni adui, na mizizi mingine inaamsha uchungu.

Mpe mwenzako kazi mahususi, si "nisaidie" tu. Mume wangu alipewa plasta ya usiku na kumbukumbu ya kliniki. Mtu mwenye kazi hana muda wa kukutazama kwa huruma.

Wapo watakaojifungia ndani. Nilijifungia siku tisa. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, hutaki kumsikia hata mtoto akicheza tumboni, mwambie mkunga hivyohivyo kwa maneno hayo. Hayo yana tiba yake, na si udhaifu.

Hatua ya 7: Kujifungua

Uso uliopooza peke yake si sababu ya upasuaji. Utasukuma kama wengine. Kwenye mkoba wa kujifungulia, pamoja na pamba na khanga, ongeza machozi bandia, tyubu na plasta, maana wodini hawatakuwa nazo. Ikitokea upasuaji wa kulazwa usingizi, mwambie mtoa usingizi kuhusu jicho kabla, alifunge vizuri. Kama umemeza prednisoloni, isemwe wazi na iandikwe kwenye kadi.

Kunyonyesha hakuna shida na dozi za kawaida za prednisoloni. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa jingine: mwanangu atajifunzaje kucheka kwa mama mwenye nusu ya tabasamu? Mkunga mmoja mzee aliniambia nimwimbie. Watoto husoma sauti, mguso na macho pia. Aliponichekea mara ya kwanza alikuwa amekaa upande wangu wa kushoto, ule uliolala, na hakuonekana kudai kitu.

Hatua ya 8: Kuhesabu muda

Wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki tatu. Kwa ujumla, hata bila dawa, kiasi cha watu saba katika kumi hurudi kamili, wengine ndani ya miezi mitatu, wengine sita. Sitakuficha kwamba mjamzito ambaye uso umelala kabisa tangu mwanzo huwa na bahati kidogo pungufu ya hiyo, ndiyo sababu nyingine ya kutochezea zile saa 72.

Piga picha ya uso kila Ijumaa, mahali pamoja, mara nne: umetulia, umeinua nyusi, umefumba, umetabasamu. Kioo cha kila siku kinadanganya, picha za wiki hazidanganyi, na daktari atazipenda. Rudi hospitali ukiona wiki tatu zimepita hakuna hata mnyweo, au miezi mitatu imepita na kurudi ni nusu, au udhaifu unaongezeka polepole badala ya kupungua, au umeota uvimbe mbele ya sikio. Hayo mawili ya mwisho si tabia ya kupooza kwa Bell, yanahitaji uchunguzi mwingine.

Mimi mnyweo wa kwanza niliuona siku ya 26, mtoto ana siku nne. Mwezi wa tano nilipuliza mkaa ukawaka, mama mkwe akapiga kigelegele. Mpaka leo nikicheka sana jicho la kushoto hupungua kidogo, na kwenye picha ya kitambulisho naonekana kama ninayemkonyeza mpiga picha.

Ukishika mimba nyingine, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Kujirudia hutokea kwa wachache tu. Akiandika kwenye kadi, hakuna atakayekupa vitamini na kukurudisha nyumbani.